Bwana Samaki Anajibu: Mwamba Umefunguliwa, Pweza Kachukua Nani?

SWALI: Bwana Samaki, shikamoo. BMU ya kijiji chetu, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia pwani, ilifunga sehemu ya mwamba miezi mitatu, tusichokoe pweza. Tukavumilia. Siku ya kufungua ilikuwa mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi kuandama, maji hayakutoka vya kutosha. Sisi kina mama tunaotembea kwa miguu tukaishia kwenye majani, vijana wa miwani na mapezi wakaja na boti, wengine hata hatuwajui, wakamaliza kila kitu. Wakala anayetununulia naye akashusha bei, eti pweza wamezidi. Sasa kufunga huku kunamfaa nani? Na kwa nini pweza wa chini ya nusu kilo ni kosa?
Mama Mchokoaji, pwani ya kusini

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kunitajia tarehe ya mwezi, maana kesi yako yote iko hapo. Mwezi nane ni maji mafu, bahari haitoki mbali. Anayefungua mwamba siku hiyo amewafungulia wazamiaji peke yao, hata kama hakukusudia. Mwamba wa pweza hufunguliwa bamvua, mwezi mosi au kumi na tano hivi, maji yakitoka hadi kwenye mawe ya mbali, ili mwenye fimbo afike sawa na mwenye miwani. Mimi ningeongeza: kupwa kwa kwanza kuwe kwa wanaotembea, boti zisubiri. Vijana watanuna. Wanune.

Lakini usiupige vita ufungaji wenyewe. Pweza wetu haishi sana, mwaka mmoja na kidogo, na anakua upesi mno, ndiyo maana miezi miwili mitatu inaonekana kwenye mizani. Samaki kama changu angehitaji miaka. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hutundika mayai kwenye dari ya tundu, vishada vya punje ndogo kama mchele, akae hapo kuyapulizia maji, bila kula, mpaka yaangue, kisha afe. Wewe unamjua: ukimgusa kwa fimbo haishiki kwa nguvu, amekonda. Huyo muache, hata kama mwamba uko wazi.

Hao wageni wa boti sasa. Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zinaitambua BMU, ila tangazo la mdomo pwani halimtishi mtu. Inatakiwa sheria ndogo: halmashauri ya kijiji ipendekeze, mkutano mkuu wa kijiji uijadili, halmashauri ya wilaya iipitishe. Ndani yake andikeni siku ya kufungua kwa hesabu ya mwezi, nani anaanza, mgeni analipa nini, na faini. Nimeona vijiji vinaandika ukurasa mzima wa kufunga, kufungua hakuna hata mstari. Nendeni kwenye huo mkutano kina mama wote, msiwaachie wanaume wenye boti kuandika.

Suala la bei likisubiri siku ya kufungua, mmechelewa. Wiki moja kabla, BMU iwaite wanunuzi zaidi ya mmoja, bei itajwe mbele ya watu, na mizani iwe ya kijiji, siyo ya wakala.

Mtakula nini mwamba ukifungwa? Ndiyo maana hufungwa sehemu tu. Kisiwa cha Rodrigues, huko Mauritius, kilifunga uvuvi wa pweza kote mwaka 2012, Agosti hadi Oktoba, na serikali ya kisiwa ikawapa wavuvi kazi nyingine za malipo muda huo. Kwetu sijaona fungu la namna hiyo, na nadhani ni haki yenu kulidai.

Nusu kilo ni kweli: gramu 500 ndicho kima cha chini kisheria. Madagaska wao walianza na gramu 350 mwaka 2005. Nia ni njema, lakini nikuambie nilichozoea kubishana na wenzangu ofisini: pweza ukishamchoma chuma humrudishi, na ndani ya tundu huwezi kumpima. Isitoshe, majike wengi wakiwa na nusu kilo bado hawajakomaa. Kwa hiyo ukiona tundu dogo, maganda machache ya kaa mlangoni, pita. Mzani wa kiwandani unamkamata aliyekwisha kufa.