Wasomaji Wanauliza: Kwenda Johannesburg na Kurudi na Mzigo Wako

Tangu toleo lililopita lilipogusia safari za Afrika Kusini, barua zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechagua nne, na nimeanza na ile iliyouliza mengi.

Mwandishi, nauza nguo za kike Kariakoo, na kwa miaka yote nimekuwa nikiwaagiza wenzangu waniletee mzigo kutoka Sauzi. Mwezi ujao nataka kwenda mwenyewe Johannesburg, kwa ndege, siku tano. Mume wangu hataki kusikia. Anasema kule watu wanauawa mchana kweupe. Je, hali ni mbaya kiasi hicho? Na mwanamke aliye peke yake, mwenye fedha za mtaji, ajilinde vipi? (Mama wa duka, Kariakoo)

Dada yangu, mumeo hasemi uongo, ila amesema nusu. Polisi wa Afrika Kusini, ambao takwimu zao huzitangaza hadharani, waliandikisha mauaji zaidi ya 27,000 katika mwaka wao wa hesabu wa 2022/23, na nchi ina watu wapatao milioni 62. Kwa nchi isiyo vitani hicho ni kiwango cha kutisha. Nusu aliyoiacha ni kwamba mauaji hayo hayakunyesha nchi nzima kama mvua ya masika, bali yamelundikana katika vitongoji fulani ambavyo mfanyabiashara hana haja ya kuvikanyaga. Kinachomngoja mtu kama wewe ni uporaji na utapeli, na wanaofanya kazi hiyo wanajua wakungojee wapi. Ukiwa ndani ya hoteli, ndani ya duka au ndani ya uwanja wa ndege, kwa kiasi kikubwa uko salama. Hatari iko katika dakika zile chache za kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, hasa ukizitumia kushangaashangaa. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuyapanga mapito hayo, moja baada ya jingine, ungali nyumbani Dar es Salaam.

Pito la kwanza ni kutoka uwanja wa ndege wa Johannesburg, OR Tambo. Inajulikana kwamba majambazi huwafuata abiria kutoka hapo mpaka hotelini au nyumbani kwa wenyeji wao, na wanaowapenda zaidi ni wale walioonekana wakibadilisha fedha nyingi. Badilisha kidogo tu, ya nauli na chakula, na hizo uzihesabu ukiwa bado dirishani. Begi lisishikwe na mtu mwingine, hata kama amevaa kizibao chenye maandishi na anakuita "mama". Ikiwa ndege inatua mchana, panda treni ya Gautrain, iliyofunguliwa mwaka 2010 siku chache kabla ya Kombe la Dunia: kituo chake kiko palepale uwanjani, na kwa takribani dakika 15 inakufikisha Sandton, kitongoji cha kitajiri cha Johannesburg. Mimi humshauri mgeni wa mara ya kwanza alale Sandton au Rosebank, ingawa vyumba vya huko vina bei, kwa sababu kile anachookoa kwa kulala chumba cha bei poa karibu na maduka anaweza kukilipa kwa siku moja. Ikiwa unatua usiku, hoteli ikutumie gari, na jina la dereva pamoja na namba ya gari uwe navyo kabla hujaondoka. Ukiita teksi kwa programu ya simu, soma namba ya gari kwanza, kisha muulize dereva amekuja kumchukua nani. Usimtajie jina lako naye akaitikia tu.

Maduka unayoyataka yako katikati ya mji wa zamani. Wenzako watakuwa wamekutajia Jeppe, mtaa ambao jina lake jipya ni Rahima Moosa lakini wafanyabiashara bado wanauita kwa jina la kale, ambako majengo ya ghorofa yamejaa vibanda vya Wahabeshi mpaka juu. Na Fordsburg kuna Oriental Plaza na Dragon City. Nenda asubuhi maduka yakiwa yamefunguliwa na watu ni wengi, na saa tisa alasiri uwe umekwisha kuondoka. Siku ya kwanza nenda na mtu aliyezoea, umlipe hata siku yake ikibidi. Kutoka jengo moja kwenda jingine, mradi si jirani kabisa, ita gari. Maeneo ya Park Station (kituo kikuu cha treni na mabasi), Joubert Park na Hillbrow si ya kukatiza kwa miguu ukiwa na begi, hata kama ramani ya simu inakuonyesha kwamba ni dakika kumi tu. Na ramani yenyewe usiisome ukiwa umesimama njiani. Wazee walisema mgeni ni kuku mweupe, na kuku mweupe aliyeinamia simu huonekana kutoka mbali zaidi. Ingia dukani, isome huko, utoke ukiwa unajua unakata kushoto au kulia.

Kuhusu fedha, zitangaze dola zako forodhani unapoingia, na kumbuka kwamba noti za randi haziruhusiwi kupita randi 25,000 kwa msafiri mmoja. Kisha zigawe. Sehemu ibaki kwenye kasha la hoteli, sehemu iwe kibindoni, tena kibindo cha kweli, kilichoshonwa ndani ya nguo, na mkononi uwe na pochi ya kawaida yenye randi mia chache. Fedha ya kibindoni hutolewa chooni au katika chumba cha kujaribia nguo. Haitolewi mbele ya muuzaji na wateja wake. Hiyo pochi ya mkononi ndiyo ya kutoa siku utakapoambiwa utoe. Ukiambiwa, toa. Usibishane, usipige kelele, mikono yako ionekane, na usimkodolee macho usoni, kwa maana wengi wao wana bastola na wana haraka kuliko wewe. Programu ya benki yenye mtaji wako isiwemo kwenye simu unayotembea nayo, kwa sababu siku hizi wapo wanaomkamata mtu na kumlazimisha ahamishe fedha papo hapo.

Jambo la mashine za kutolea fedha nalieleza kwa kirefu kwa sababu lilinikuta. Nilikuwa nimesimama mbele ya mashine iliyo ukutani, kando ya barabara, nayo inaikataa kadi yangu. Akaja kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, akaniambia kwa upole kwamba mashine ile ina taabu na kadi za nje, lazima kwanza kadi ipanguswe. Aliishika kwa muda usiotosha kupiga chafya, akanirudishia, akarudi nyuma hatua moja, nami nikabonyeza namba yangu ya siri. Mashine ikakataa tena. Nikamshukuru (ndiyo, nilimshukuru) nikaondoka. Chumbani nikaitoa kadi: rangi ilikuwa ileile ya buluu, lakini jina lilikuwa la mwanamume nisiyemjua, na mpaka nilipowapata watu wa benki yangu kwa simu, randi 4,000 zilikuwa zimekwenda. Tangu siku hiyo natumia mashine zilizo ndani ya benki au ndani ya jengo kubwa la maduka, na mtu yeyote akinisogelea, awe mlinzi au malaika, naikatiza shughuli, nachukua kadi yangu na kuondoka.

Kwa hiyo mwambie mumeo kwamba utakwenda, na umwoneshe mpango wa siku zote tano ulivyouandika. Nadhani karatasi hiyo itamtuliza kuliko maneno yangu.

Asalaam aleikum. Nawapeleka mke na watoto wawili Cape Town likizo ya Desemba, na nimepanga kukodi gari kwa kuwa kule wanaendesha upande wetu. Ndugu zangu wananionya kuhusu magari kuvunjwa vioo. (Baba wa familia, Mombasa)

Wa aleikum salaam. Kukodi gari si kosa, na Cape Town bila gari utaona nusu tu. Kuhusu vioo, wamekueleza kweli. Mwizi hutumia kipande kidogo cha kauri kilichovunjwa kutoka kwenye plagi ya injini. Akikirusha, kioo kinasambaratika bila kishindo kikubwa, mkono unaingia, mkoba unatoka, na taa bado ni nyekundu. Wenyeji huziita taa hizo "roboti", kwa hiyo usishangae ukielekezwa ukate kushoto kwenye roboti. Dawa yake ni kwamba kisiwepo cha kuona: mikoba na simu viingie kwenye buti kabla hujaondoka ulikotoka, si pale unapoegesha mbele ya watu. Unapoliona taa jekundu mbele, punguza mwendo ulifikie likibadilika, na ukisimama acha nafasi ya kuweza kutoka nyuma ya gari lililo mbele yako.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni njia ya kutoka uwanja wa ndege. Uwanja wa Cape Town umezungukwa na vitongoji ambavyo ni miongoni mwa vyenye mauaji mengi zaidi nchini, na Nyanga uko jirani kabisa. Agosti 2023, siku za mgomo wa daladala, daktari kutoka Uingereza aliyekuwa na familia yake garini aliuawa kwa risasi huko Nyanga baada ya kupotea njia akitoka uwanjani, na mwaka huohuo Mmarekani mmoja alipigwa risasi baada ya ramani ya simu kumpitisha hukohuko. Kwa hiyo usitue usiku ukachukua gari la kukodi usiku huohuo. Lala karibu, au ita gari la hoteli, kisha ulifuate lako asubuhi, uingie barabara kuu ya N2 na ubaki humo mpaka mjini, ramani ikikwambia kuna njia ya mkato uikatalie.

Ukifunga gari kwa rimoti, vuta kitasa kwa mkono. Wapo wanaozuia mawimbi ya rimoti katika maegesho, ukaondoka ukidhani umefunga. Na akikusimamisha mtu mwenye taa za buluu lakini huna hakika kwamba ni askari, washa taa za hatari, endesha polepole mpaka kituo cha polisi au cha mafuta chenye watu, huku mkeo akipiga 10111. Njia za Table Mountain na Lion's Head ni nzuri mno kwa watoto, ila ziendeeni mkiwa kundi na jua likiwa juu.

Shikamoo mama. Nina miaka 24, naenda Johannesburg kwa basi nikitokea Tunduma. Kuna kijana amesema ataninyooshea mambo yote ya mpakani kwa fedha kidogo. (Kijana wa Mbeya)

Marahaba mwanangu. Huyo kijana mwache, na fedha yako ale mwingine, yaani wewe mwenyewe, njiani. Mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza ya kuingia Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90, kwa hiyo hakuna cha kunyooshewa. Unachohitaji ni kusimama kwenye foleni mwenyewe na kuuona mhuri ukigongwa mbele ya macho yako katika kila mpaka: Nakonde, Chirundu na Beitbridge. Anayekuchukulia pasipoti "akakugongee" anaweza kukurudishia mhuri wa bandia, nawe ukaja kuugundua siku ya kutoka. Isome tarehe uliyopewa. Ukiipitiliza kwa siku zisizofika 30 unafungiwa mlango miezi 12, na ukizidisha hapo ni miaka mitano.

Beitbridge, mpaka wa Zimbabwe na Afrika Kusini, ndipo penye kazi. Huko kuna wahalifu wanaoitwa magumaguma, wanaojidai kuwavusha watu Mto Limpopo kwa njia za panya, kisha wakiwafikisha vichakani huwapora na kuwatenda mambo nisiyotaka kuyaandika hapa. Usishuke kumfuata mtu yeyote, hata foleni iwe ya usiku kucha. Basi likifika Johannesburg kabla ya kupambazuka, baki ndani ya jengo la Park Station mpaka kuche, na anayekupokea aingie humo ndani. Msipatane kukutana nje.

Kaka yangu anaishi Yeoville, Johannesburg, na ananiita nikamtembelee. Nasikia wageni wanapigwa. Je, nikisimamishwa mtaani nifanyeje? (Msomaji, Kigoma)

Unayoyasikia yana mizizi. Mei 2008 vurugu dhidi ya wageni zilizoanzia kitongoji cha Alexandra, Johannesburg, ziliua watu 62, zikarudi 2015, na tena 2019. Si mambo ya kila siku, lakini yanapoanza huanza ghafla, na kwa kawaida huanzia vitongoji vya maskini na mitaa ya maduka madogo ya wageni. Kaka yako atajua kabla ya redio. Akisema usitoke, usitoke.

Ukisimamishwa, elewa kwamba sheria yao ya uhamiaji inawapa polisi na maofisa wa uhamiaji mamlaka ya kukutaka ujitambulishe. Watu wa vikundi vinavyopinga wageni, kama Operation Dudula, hawana mamlaka hayo. Hata hivyo, ukizungukwa na watu kumi si wakati wa kufundisha sheria. Jibu kwa adabu, sogea penye watu wengine, ondoka. Pasipoti yenyewe iache ndani kwa kaka yako. Siku ya kwanza ipeleke pamoja na nakala yake katika kituo cha polisi chochote, nao wataigonga nakala mhuri wa kuithibitisha bila malipo, nawe utembee na hiyo. Ukiibiwa, rudi kituoni hapohapo uandikishe upewe namba ya kesi, kwa maana bila namba hiyo si bima wala ubalozi watakaokuelewa haraka. Ubalozi wetu uko Pretoria, si Johannesburg. Namba yao iandike kwenye karatasi uiweke kiatuni. Simu ndiyo itakayotangulia kuibwa.