Neno lake sina

Swali lenu la wiki jana liliuliza: "Je, Kiswahili kinahitaji maneno ya kukopa kama monaki na monasteri, au mtawa na utawa yanatutosha?" Nililisoma ndani ya matatu, foleni ya Jogoo Road imesimama, nikaanza kulijibu palepale moyoni. Hatuyahitaji. Kwa aliyejitenga na dunia ili asali, mtawa tunaye. Sista na bruda tumewazoea, padri tulimpata kwa Wareno tangu enzi za Fort Jesus. Tukope tena ya nini?

Hilo ndilo jibu nililokusudia kuwatumia, maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nina miaka 24 darasani, na nimechoka kuona wanafunzi wakikimbilia neno la mgeni kabla hawajafungua kamusi. Lakini nilipoketi kuandika nikagundua kwamba swali limenigusa mahali pengine kabisa. Limenigusa kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyeishi peke yake Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, na ambaye hadi leo sina neno la kumwitia.

Hebu tazameni maneno tuliyo nayo ya mtu kuwa peke yake. Mengi yana kilio ndani yake. Upweke hatuusifu, tunauonea huruma. Mkiwa ni yatima, ni maskini asiye na watu wake. Ukiwa ni nyumba iliyobaki wazi baada ya wenyewe kuhama. Faragha tuliipata kwa Waarabu, kwao mzizi wake ni utupu, mtu kuwa hana shughuli inayomshika, lakini sisi tumeifanya kuwa siri ya watu wawili wasiotaka kusikiwa na wa tatu. Nimepekua na kupekua, sijaona neno linalosema kwa utulivu: huyu yuko peke yake, kapenda mwenyewe, msimsumbue.

Shangazi aliingia konventi, nyumba ya masista, akiwa msichana, akapita unovisi, yaani mafunzo ya mwanzo, akafunga nadhiri za kwanza, na baada ya miaka 9 akatoka kabla ya nadhiri za daima. Sababu hakutuambia. Nyumbani ilizungumzwa kwa sauti ya chini, kama ugonjwa. Hakurudi kijijini, wala hakuolewa. Alikodi chumba katika moja ya zile nyumba za zamani za Majengo, za kuta za udongo na paa la mabati, ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, akanunua cherehani akawa anashona sare za shule. Na sala zake hakuziacha. Alfajiri Masifu ya Asubuhi, magharibi Masifu ya Jioni, na kati ya saa tisa na saa kumi alasiri alikuwa kimya kabisa, cherehani imefunikwa kitambaa, na ungebisha hodi mpaka mkono uume asingekuitikia.

Nilikaa naye mwanzoni mwa 1995, nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Chumba kilichopakana na chetu kilikuwa cha mama mmoja mwenye asili ya Lamu, mtu mzima, tuliyemwita Bi Mkubwa. Mumewe alikuwa amefariki Desemba na yeye alikuwa ndani ya eda, miezi 4 na siku 10. Kwa kuwa nilikuwa msichana na sina kazi, nilimchotea maji na kumnunulia mahitaji sokoni. Alikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga. La kwanza lilijaa kokwa za ukwaju, la pili lilianza tupu, na kila baada ya magharibi alitoa kokwa moja huku akaitia kule. Siku ya kwanza nilidhani ni mchezo. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, ndipo nilipojifunza kwamba eda na idadi ni ndugu wa tumbo moja, mzizi wao wa Kiarabu ni kuhesabu. Yule mama hakuwa amesoma hayo popote, ila mkono wake ulikuwa unayajua.

Sasa, wanawake wa nyumba za jirani walikuwa na wasiwasi na shangazi. Mwanamke mzima, hana mume, hana mtoto, haendi kwenye chama, haketi nje kusuka. Siku moja, Ramadhani imeshaingia kumi la mwisho, wakaja watatu wa kanisa moja la hema. Walikuja saa tisa na nusu, katikati ya kimya chake. Walibisha, na hakuitika. Wakabisha tena, mmoja akaanza kuimba pale ukumbini, wenzake wakampokea. Nikamtazama shangazi. Alikuwa amefumba macho. Akayafumbua, akafunga kitabu chake bila haraka, akaniambia nifungue.

"Dada," akasema aliyeongoza, "Mungu ametutuma. Tumeoneshwa kwamba umefungwa na roho ya upweke. Tumekuja ufunguliwe."

"Karibuni," shangazi akasema. "Viti ni viwili, mmoja akae kitandani."

Akaniagiza niwashe stovu. Nakumbuka harufu ya mafuta ya taa, nakumbuka nilivyotafuta kikombe cha tatu kisichokuwa na ufa. Nakumbuka pia kwamba nilikuwa na hasira, na kwamba chini ya hasira ile nilikuwa ninawaunga mkono kidogo. Nilikuwa na miaka 18. Mimi mwenyewe nilitamani shangazi aolewe, tuwe na watu wa kawaida. Waliomba kwa nguvu, mikono juu ya kichwa chake, mmoja akilia, na ukuta wa udongo haufichi kitu. Mlango ulikuwa wazi. Nilipoinua macho nikamwona Bi Mkubwa amesimama kizingitini na nguo zake nyeupe za eda, anawatazama.

Akawaacha mpaka Amina ya mwisho. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya pwani isiyopanda:

"Nyinyi mwamuombea huyu. Na mimi je? Siku ya sitini na tatu hii sijavuka mlango wa nje. Kijana wangu yuko msikitini Riyadha, amekaa itikafu siku kumi, halali nyumbani. Mbona hamkuja kutufungua sisi?"

Wakatazamana. Mmoja akajibu kwa adabu tu, "Mama, nyinyi ni dini yenu."

"Na huyu ni nini yake?" Hakuna aliyejibu. Bi Mkubwa akaegemea mwimo wa mlango. "Mimi nilipovunja ungo nilitawishwa. Baba alisema nikae ndani, nikakaa ndani, dunia nikaiona kwa tundu la dirisha. Leo nimetawa tena, mume amekufa na Mungu ameamrisha. Mara zote mbili niliambiwa. Huyu hakuambiwa na mtu. Baba yake hakumfungia, mume hana, hao masista wenyewe aliwaacha. Na bado amekaa. Sasa nyinyi mwamwita mpweke, na mimi nilimwita mtawa, na naona sote tumekosea. Neno lake sina."

Akarudi chumbani kwake. Nilimimina chai. Wale watatu wakanywa, nao walikuwa watu wema, nataka hilo lieleweke, wakaaga vizuri wakaenda zao. Shangazi aliketi muda mrefu. Kisha akasema, "Wameomba vizuri," na jioni ile Masifu aliyaanza akiwa amechelewa, mara ya pekee niliyoona. Wiki iliyofuata Jumatano ya Majivu na Idi ziliingia zikifuatana, yeye akifungua Kwaresima na jirani akifungua kinywa, na sahani ya mahamri ikapita kwetu, tukaihifadhi mpaka kesho yake.

Niliandika mwanzoni kwamba mtawa anatutosha. Hapa ndipo Bi Mkubwa anaponiharibia jibu. Kamusi za zamani zinaeleza kutawa kuwa ni kukaa ndani bila kutoka, hasa kwa mwanamke, kisha zinaongeza maana ya kuishi maisha ya uchaji. Wamisionari walilikuta neno hilo limesimama kwenye kizingiti cha nyumba za pwani, wakalivika kilemba cha sista. Si vibaya, lugha zote hufanya hivyo. Lakini ndani yake kumebaki mlango na mtu mwingine mwenye ufunguo. Anayetawa anaweza kuwa ametawishwa. Wapo watawa wengi hapa Nairobi, masista wa Loreto wamekuwepo tangu 1921, wanafundisha, wanatibu, wanaendesha magari. Hao hawakai ndani hata kidogo, na neno tumewapa hilohilo.

Nikageukia monaki, neno nililotaka kulifukuza. Linatoka katika Kigiriki monachos, na ndani yake kuna monos, yaani pekee. Nililijua hilo tangu chuoni na sikulipa uzito. Niliona ni neno la majengo ya mawe, la kina Benedikto, yule mtakatifu aliyewaandikia wamonaki kanuni. Nilichokuja kukijua baadaye ni mahali linapoonekana kwa mara ya kwanza kwenye maandishi kwa maana ya Mkristo wa namna hiyo. Ni mwaka 324, katika kijiji cha Karanis, Fayum, Misri, Afrika hii hii yetu. Ni mashtaka ya mkulima mmoja, Isidorus. Ng'ombe alikuwa ameharibu mazao yake, ukazuka ugomvi na wenye ng'ombe, wakampiga, na anasema wangemuua kama wasingetokea watu wawili kumwokoa: shemasi Antoninus na Isaac, monachos.

Fikirieni hilo. Mtu wa kwanza kuandikwa kwa jina hilo la upekee hayuko jangwani wala nyuma ya ukuta. Yuko kijijini, karibu kiasi cha kutokea kwa wakati, na ametoka kuamua ugomvi wa ng'ombe. Jina linasema pekee, naye yuko kati ya majirani. Hiyo kwangu ni Majengo mtupu.

Maneno mengine ya ukoo huo nayo yanashangaza, nitayapitia haraka. Yule aendaye jangwani Wagiriki walimwita kwa jina la jangwa lenyewe, eremos. Kujitenga walikuita anachoresis, na kabla halijawa neno la watakatifu lilikuwa neno la wakulima wa Misri waliokimbia vijiji vyao kwa kushindwa kodi. Seli, ambayo hapa Nairobi ni chumba cha polisi, ni cella ya Kilatini, chumba kidogo, kilekile alimosali mmonaki. Konventi, tunayodhani ni mahali pa kujitenga, imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kukusanyika. Na Benedikto, katika karne ya 6, alipotaja aina nne za wamonaki, wakaapweke, yaani wanaoishi peke yao, aliwaweka nyuma ya wale waishio pamoja, akaeleza kwamba mkaapweke wa kweli ni yule aliyekwisha kupikwa muda mrefu ndani ya jumuiya, si mwenye moto wa jana. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Miaka 9 ya konventi, ambayo nyumbani tuliiita miaka iliyopotea, huenda ndiyo iliyompika.

Kwa hiyo ninajikuta nikisema nisichotaka kusema: acheni monaki akae. Sisemi hivyo kwa sababu mtawa ni neno bovu. Wabenediktini wa Tigoni waiteni mnavyotaka. Wale Watrapisti, wamonaki wengine wa Kikatoliki, walioishi Kipkelion tangu 1956, wakahamia Uganda 2008 baada ya ghasia, wenyeji waliwaita kwa majina yao na mambo yakaenda. Rahibu wa Kiarabu, neno lao la monaki, naye asisahauliwe, ingawa mzizi wake ni hofu, na shangazi sikumwona na hofu. Ninasema tu kwamba neno la kukopa wakati mwingine halina kizingiti kile cha zamani, na mtu anaweza kuingia na kutoka.

Lakini lazima niongeze jambo, maana nikiliacha nitakuwa nimewadanganya. Wale wanawake watatu hawakukosea kabisa. Kuna usiku, katika miezi ile mitano, nilimsikia shangazi akilia, uso kwenye mto ili nisisikie. Zaidi ya mara moja. Asubuhi aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akawasha mshumaa, akasali. Miaka yote nimemsimulia kama mtu asiyejua upweke, kwa sababu nilikuwa nikimtetea. Aliujua. Aliishi nao chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, na hakuondoka. Sasa hiyo inaitwaje? Hapo hata monos ya Wagiriki hainisaidii, maana inahesabu mtu mmoja tu na kunyamaza.

Alifariki 2011. Baba alipoandika tanzia aliweka "hakujaliwa mume wala watoto", nami nilikuwa nimeshika kalamu pembeni, mwalimu wa Kiswahili, nikashindwa kumpa sentensi nyingine. Leo ningempa. Ningeandika kwamba alikuwa monaki wa Majengo. Ila ningetaka kwanza kumsomea Bi Mkubwa nisikie anasemaje, na yeye alitangulia, kaburi lake liko Kariokor.