Nilimpenda mshauri wangu, lakini usingizi haukurudi

Mwaka niliomzika mama, kila Jumatano nilikuwa napanda boda kwenda kwa mshauri nasaha mmoja hapa Kampala. Mshauri huyo alikuwa mama mpole mno. Nalia, ananisikiliza, natoka mwepesi. Usiku uleule nakodolea dari mpaka adhana ya alfajiri. Ilipita miezi saba ndipo nikatambua kwamba muda wote nilikuwa napima upole wake, si hali yangu.

Fundi cherehani akikosea, nguo inakubana siku hiyohiyo. Mshauri akikosea utaonea wapi? Ukipata nafuu unamshukuru yeye, usipopata unajilaumu wewe. Tena wengi wetu tunamwendea siku ambazo mambo yametuelemea kabisa, na siku za namna hiyo mara nyingi hupungua makali zenyewe.

Kuna utafiti uliofanywa vijijini Masaka na Rakai, hapa Uganda, ukachapishwa 2003. Watu wenye dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, wiki 16. Waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Matokeo mazuri sana. Lakini tazama vijiji ambavyo havikupata vikundi: kutoka 94 hadi 54.7. Wengi walipata nafuu bila vikundi hivyo! Na walioongoza vikundi hawakuwa madaktari, walikuwa wenyeji waliofunzwa wiki 2 tu. Cheti ulizia, ni haki yako, ila hakitakuambia kama huyu atakufaa wewe.

Kwa hiyo, dada yangu, kaka yangu, nunua daftari kabla ya kikao cha kwanza. Andika unachotaka kibadilike, kwa vitu vinavyohesabika. Mimi niliandika: usiku ninaolala, siku ninazofungua duka, simu za ndugu ninazopokea. Kisha muulize mshauri: "Tutajuaje kama inasaidia, na isiposaidia tutafanya nini?"

Yule wa kwanza nilipomuuliza, alinijibu, "Mwachie Mungu, utapona tu." Namwachia Mungu kila siku, lakini sikuwa nimeuliza hilo. Wa pili alinipa karatasi ya maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla ikiwa kubwa hali ni mbaya zaidi, tukawa tunairudia kila mwezi. Jumla ilipokwama kwenye 15, yeye ndiye aliyeanza kusema tubadilishe njia. Hapo ndipo nilipomwamini.

(Ukiwa unawaza kujiua, achana na daftari. Mwambie mtu aliye karibu, akupeleke hospitali leo hii. Butabika, hospitali ya afya ya akili hapa Kampala, ipo kwa ajili hiyo.)

Jambo jingine: omba kuongea lugha unayolilia. Kwa Kiingereza nilikuwa natoa ripoti ya msiba. Siku niliyoruhusiwa Kiswahili, nilisimulia kanga ya mama ambayo bado sijaifua, nikashindwa kumaliza. Wiki ile daftari linaonyesha nililala usiku 4.