Mazoezi ya Mpira wa Kikapu: Ufundi Kwanza, Pumzi Baadaye, Kisha Vyote Pamoja

Miaka sita iliyopita niliwatoa vijana wangu Kisumu, nikawapeleka Nakuru kucheza mechi ya kirafiki. Katika robo ya nne, tukiwa nyuma kwa alama tatu tu, tulipewa mitupo huru minane, ile ya faulo ambayo hurushwa bila mpinzani kukuzuia, tukafunga mmoja. Waliorusha ni vijana ambao Alhamisi ya wiki hiyo, kwenye uwanja wetu wa saruji mtaani Nyalenda, walikuwa wakifunga saba kati ya kumi huku wakipiga gumzo. Gari lilipokuwa likiteremka kutoka Kericho kuelekea Ahero, nilijiuliza kosa lilikuwa wapi, na jibu halikuwa mbali. Nilikuwa nimewafundisha kurusha wakiwa wamepumzika, na nilikuwa nimewafundisha kukimbia bila mpira, lakini sikuwa nimewafundisha hata siku moja kurusha wakiwa wanahema. Nakuru iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, kwa hiyo mwinuko nao uliwakata pumzi. Hata hivyo, udhaifu wenyewe tulikwenda nao kutoka nyumbani.

Tangu siku hiyo ninapanga mazoezi yangu kwa kanuni moja: jambo jipya hufundishwa mwili ukiwa haujachoka, na jambo lililokwisha kueleweka hupimwa mwili ukiwa umechoka. Mtoto anayefundishwa namna mpya ya kurusha baada ya kukimbia nusu saa hutafuta njia ya mkato. Huteremsha kiwiko, husukuma mpira kwa bega, na mwili wake hulishika kosa hilo kana kwamba ndilo somo lenyewe. Kuling'oa baadaye ni kazi ya miezi. Kwa upande mwingine, ufundi ambao haujawahi kujaribiwa katika uchovu hupotea pale unapohitajika, yaani dakika za mwisho za mechi.

Kuna mazoea mengine ambayo nilichelewa kuyaacha. Sisi tuliokulia magharibi mwa Kenya, tukiwa jirani na wakimbiaji wa Iten na Eldoret, huamini kwamba mwanamichezo mwenye pumzi ni yule anayeweza kukimbia barabarani kilomita kumi bila kusimama. Mpira wa kikapu hauchezwi hivyo. Uwanja una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, timu ina sekunde 24 za kushambulia, na mchezaji hukimbia kwa kasi kwa sekunde chache, hugeuka ghafla, huruka, husukumana, kisha hutembea kidogo kabla ya kuanza tena. Mbio ndefu za polepole zinafaa wiki mbili au tatu za kwanza baada ya likizo, ili kuurudisha mwili kazini. Zaidi ya hapo, zinawachosha vijana bila kuwaandaa kwa mchezo wanaoucheza.

Nina wachezaji kumi na sita, mipira mitano na vikapu viwili, na nadhani makocha wengi wa huku wana hali kama hiyo. Mazoezi yetu huchukua dakika 90. Baada ya kupasha mwili joto, dakika 25 za mwanzo ni za ufundi mpya, na hapo sikubali mbio zozote. Zoezi ninalolithamini kuliko yote katika sehemu hii linaitwa zoezi la Mikan, kwa jina la George Mikan, mchezaji mrefu wa Marekani aliyetamba miaka ya 1940 na 1950. Mchezaji husimama chini ya kikapu, hupiga hatua moja na kurusha kwa mkono wa kulia akiugonga mpira kwenye ubao, huudaka kabla haujagusa ardhi, kisha huhamia upande wa pili na kurusha kwa mkono wa kushoto, bila kuushusha mpira chini ya kidevu. Linaonekana jepesi mpaka ulijaribu. Humfundisha kijana kutumia mikono yote miwili, kupanga miguu, kulenga ubao na kudaka mpira unaorudi, yote kwa wakati mmoja na katika nafasi isiyozidi mita mbili. Anayeanza ninampa mitupo kumi bila kumhesabia muda. Baada ya mwezi ninampa sekunde 30, na hapo zoezi hilo hilo linakuwa la pumzi.

Wasio na kikapu hawasimami wakitazama. Wenye mipira hudunda kwa mkono wao dhaifu wakiwa wameinama, nami hupita mbele yao nikiinua vidole, kila mmoja akitakiwa kutaja idadi kwa sauti bila kuuangalia mpira. Wengine hutaja kwa Kiswahili, wengine kwa Kijaluo, na zile sauti za achiel, ariyo, adek zimekuwa alama ya uwanja wetu kiasi kwamba watoto wa jirani wamezizoea. Wasio na mpira hufanya zoezi la ulinzi: huteleza kwa pembe kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, magoti yakiwa yamekunjwa na miguu isikutane. Ninabadilisha makundi kila dakika nne.

Sasa nije kwenye mbio, maana hapa ndipo nilipobadilika zaidi. Zoezi la mistari linajulikana kila mahali. Mchezaji huanzia mstari wa mwisho, hukimbia hadi mstari wa mtupo huru na kurudi, hadi mstari wa kati na kurudi, hadi mstari wa mtupo huru wa upande wa pili na kurudi, kisha hadi mwisho wa uwanja na kurudi. Jumla ni mita 140, zenye kugeuka mara saba, na kugeuka huko ndiko kunakochosha mapaja. Wengi wa vijana wangu humaliza kwa sekunde 32 hadi 38. Zamani, aliyemaliza aliinama akashika magoti, akapumzika, nami nikaona kazi imefanyika. Siku hizi, akimaliza, mwenzake anamkabidhi mpira palepale, anakwenda kwenye mstari wa mtupo huru, mita 4.6 kutoka kwenye ubao, naye anarusha miwili. Mwenzake anadaka, kisha wanabadilishana. Kila jozi hurudia mara nne, na kwa kuwa anayesubiri hupumzika kwa muda unaozidi ule aliokimbia, kasi yake haishuki sana.

Wiki za kwanza mitupo iligonga ubao, ringi na wakati mwingine hewa tupu. Kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, miguu imekataa." Nilimjibu kwamba amesema kweli, kwa sababu nguvu ya mtupo hutoka miguuni, na miguu ikichoka mpira hufika mfupi. Basi tukaanza kufundishana dawa yake: pumua kwa kina mara mbili kabla ya kupokea mpira, dunda idadi ile ile kila mara, kunja magoti zaidi ya kawaida, maliza kwa mkono ulionyooka. Mwamuzi anapokukabidhi mpira una sekunde tano za kurusha. Ni nyingi kuliko vijana wanavyodhani, na wanaoharakisha ndio wanaokosa.

Jambo la kuruka na kutua naomba makocha walichukue kwa uzito, hasa wanaofundisha wasichana. Wasichana huumia kano za ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka, na nimemwona mchezaji wangu mmoja akipoteza msimu mzima kwa kutua vibaya mara moja, bila kuguswa na mtu. Saruji haisamehi. Kila siku, kabla ya mchezo wowote, tunafanya dakika tano za kuruka na kutua kwa miguu yote miwili, kimya kimya, magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea vidoleni, yasiangukie ndani. Nikisikia kishindo, tunarudia. Wasichana pia wapewe mpira namba 6, si namba 7 wa wavulana; ukiwapa ule mkubwa unawalazimisha kurusha kwa mabega.

Joto la Kisumu nalo lina sheria zake. Mchana hufika nyuzi 30 na hewa ya ziwani ni nzito, hivyo tunafanya mazoezi saa kumi na moja jioni, au Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maji hunywewa kila baada ya dakika 15, mtu awe na kiu au asiwe nayo. Chakula ni kile kilichopo nyumbani, na kinatosha: nyoyo ya mchana, yaani mahindi na maharagwe, ndizi saa moja kabla ya mazoezi, uji baadaye. Mvua ikinyesha hatukimbii, kwa kuwa saruji yetu huteleza kama samaki. Tunahamia barazani na kufanya kazi ya mikono na pasi.

Nimeacha pia kutumia mbio kama adhabu. Nilifanya hivyo kwa miaka mingi: aliyechelewa alikimbia, aliyekosa mtupo alikimbia. Matokeo yake, vijana walijifunza kuziogopa mbio, na wakati wa mtupo huru waliwaza adhabu badala ya kikapu. Anayechelewa sasa huja mapema siku inayofuata, akafagia uwanja na kuchora upya mistari kwa chaki.

Kila Jumamosi ninaandika katika daftari namba mbili kwa kila mchezaji: mitupo huru aliyofunga kati ya kumi akiwa amepumzika, na aliyofunga kati ya kumi baada ya zoezi la mistari. Yule aliyeniambia miguu imekataa alianza na saba na mbili. Mwisho wa msimu uliofuata alikuwa na saba na sita, na ile saba haikusogea hata kidogo.