Mwanangu, mlima mmoja unatosha

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako naye kausoma juu ya bega langu. Unauliza kama muda wa kuanzia Ijumaa mkitoka kazini hadi Jumapili jioni unatosha kwenda milimani wewe, mumeo, mtoto na mama mkwe wako, mkaona maporomoko ya maji, mkatembea kwenye msitu wa juu, mkapanda kile kilele anachokitaka mumeo, kisha mrudi mmepumzika. Unatosha kwa kimoja kati ya hivyo, na pengine kipande cha cha pili. Orodha uliyonitumia ni ya wiki nzima.

Kinachokudanganya ni kilomita. Umeandika kwamba kutoka mtakapolala hadi kwenye maporomoko ni kilomita 38, ukazipa dakika arobaini. Kwenye tambarare nisingekubishia. Barabara ya mlimani inapanda kwa kujikunja, kona juu ya kona, na ukikuta lori lililopakia mbele yako huna pa kulipita. Utalifuata nyuma ukivuta moshi wake mpaka litakapopata pa kukupisha. Hizo 38 mimi nazihesabu saa moja na nusu kukiwa kukavu. Ikinyesha, na lami iwe imeishia njiani, sikuahidi kitu.

Kwa hiyo futa kilomita zote kwenye mpango wako, uandike saa. Na saa hizo usizichukue kwenye simu peke yake. Mpigie mwenye nyumba mtakayofikia umuulize: lami inaishia wapi? Kutoka hapo hadi mlangoni kwenu gari dogo linachukua muda gani? Na kama jana yake mvua ilinyesha, linafika? Akikujibu "si mbali", mbane akutajie saa. Watu wa milimani wana miguu mizuri, na "si mbali" yao huwa ni ya miguu hiyo.

Ningekuwa mimi, ningechukua nyumba moja kwa usiku zote mbili. Kuhama Jumamosi kwenda nyumba ya pili kunaonekana ni jambo dogo kwenye karatasi, lakini kuna kufungasha, kumtafuta mtoto kiatu kimoja, kulipa, kuendesha, kusubiri chumba, kufungua mizigo upya. Asubuhi yote imekwisha, na asubuhi ndiyo mali ya mlimani. Jua likipanda, miteremko inapata joto, hewa yenye unyevu inapanda nayo, na ikifika mchana inageuka mawingu. Ndiyo maana alfajiri unaona kila kilele na saa tisa huoni hata mti wa jirani. Msimu wa mvua radi nazo hupenda saa hizo za mchana. Anayeanza matembezi saa nne baada ya kunywa chai taratibu amejichagulia ukungu.

Kabla hujalipia hiyo nyumba, uliza iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Hili hukulitaja kabisa, na mimi ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Chini ya mita 2,500 watu wengi hawapati tabu. Kuanzia hapo kwenda juu, mtu aliyetoka bondeni akalala huko usiku huohuo anaweza kuamka na kichwa kinachogonga, kichefuchefu, hamu ya kula imekwisha na usingizi haukuja. Dalili hizo mara nyingi huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika, yaani ukifika Ijumaa usiku, zinakupata Jumamosi asubuhi, siku uliyoilipia. Kijana mwenye misuli hasalimiki kuliko wengine. Mwili hujizoesha, lakini hutaka siku kadhaa, na nyinyi siku hizo hamna. Kwa hiyo laleni chini ya mita 2,500. Mchana mkipanda juu zaidi na kurudi kulala chini, si vibaya. Mtu akiumwa kichwa na kutapika juu huko, dawa ya kwanza ni kushuka, wala msisubiri kupambazuke muone kama atapata nafuu, hasa akianza kuyumba anapotembea au kukosa pumzi akiwa amekaa.

Mama mkwe wako ana presha, na mwinuko wenyewe unaweza kuipandisha. Aende kwa daktari wake kabla ya safari, aulize yeye mwenyewe, usimuulizie wewe. Dawa zake zikae kwenye mkoba wake wa mkononi, si kwenye buti la gari chini ya mablanketi. Na mchagulie chumba cha chini. Nyumba za milimani zimejengwa kwenye miteremko na ngazi zake hazina huruma. Muulize mwenyeji ni ngazi ngapi kutoka gari linapoegeshwa hadi kitandani.

Sasa barabara. Hapa nitasema mengi, maana ndiyo kazi iliyokusomesha.

Msipande usiku. Kama hamwezi kuondoka Ijumaa mapema mkafika kukiwa bado na mwanga, laleni mji ulio chini ya mlima mpande alfajiri. Hapo tu ndipo nitakubali nyumba mbili. Usiku huoni kingo za barabara, huoni jiwe lililoporomoka baada ya kona, na ukungu ukishuka, taa kali zinakurudishia ukuta mweupe usoni. Kwenye ukungu washa taa za chini, punguza mwendo, na usisimame katikati ya barabara eti unasubiri upite.

Kupanda hakuna ufundi mkubwa. Gari litalegea kidogo, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na injini isiyo na tabo, yaani kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Basi zima pupa, shusha gia, angalia mshale wa joto. Ufundi uko kwenye kushuka. Mumeo kazoea barabara za mjini, ambako mguu unakaa kwenye breki siku nzima na hakuna kinachotokea. Mlimani ukikanyaga breki kutoka juu hadi chini, kwanza unasikia harufu kali ya kitu kinachoungua, kinakwaruza koo. Halafu pedali inaanza kulainika. Unakanyaga, inazama kuliko ulivyozoea, gari halishiki. Breki zimepata moto, na mafuta ya breki yakichemka ndani ya mabomba, unachokanyaga ni mvuke. Kwa hiyo shuka na gia ileile ambayo ungetumia kupanda hapo, injini ishike gari, na breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha iachiwe ipoe. Gari lenu ni la otomatiki. Kwenye mkono wa gia lina L au namba 2, yaani gia za chini, au sehemu ya kubadili gia kwa mkono. Aitafute kwenye kitabu cha gari akiwa nyumbani, asije akaitafutia kwenye mteremko. Harufu hiyo ikianza, egesheni mahali palipo wazi, mkae nusu saa, na msimwagie maji magurudumu.

Penye njia nyembamba ya gari moja, mwacheni anayepanda apite. Madereva wa nchi nyingi wanaelewana hivyo, kwa kuwa kuliondoa gari lililosimama kwenye mpando ni kazi kuliko kulisimamisha linaloshuka. Jazeni tanki mji wa mwisho wa chini. Chukueni na pesa taslimu za kutosha siku zote, kwa sababu mashine ya kadi inahitaji mtandao, na mtandao wa milimani unategemea umesimama upande gani wa kilima.

Mumeo na kilele chake. Usimkatalie, ila usiwaburute wengine nyuma yake. Atoke Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi na mwenzake au mwongoza njia wa pale, nyinyi watatu mkabaki na msitu wa karibu. Kuna hesabu ya zamani ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892, na wapandaji bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yake uliyonitajia ni kilomita 7 na inapanda mita 900. Hiyo ni karibu saa moja na dakika ishirini na tano, ujumlishe saa moja na nusu. Saa tatu kasoro, bila kupumzika, bila kupiga picha, na bado hajarudi. Hesabu yenyewe ni ya mtu mwenye mazoezi, na mumeo, nasema kwa upendo, ana kiti kizuri ofisini. Mpe saa nne za kwenda. Saa nne asubuhi ikigonga ageuke, hata kama kilele anakiona kwa macho. Saa ya kugeuka ipangwe usiku wa Ijumaa, mezani, kwa sababu huko juu kila mtu hujiambia "bado kidogo tu".

Mkisikia ngurumo popote mlipo, tokeni kwenye mgongo wa mlima na msijikinge chini ya mti ulio peke yake. Ndani ya gari lililofungwa vioo ni salama zaidi.

Mtoto usimpangie matembezi ya kilomita. Mpangie kijito, mawe ya kurusha majini, na ruhusa ya kulowa. Ndiyo maana nguo zake ziwe za kubadili mara tatu zaidi ya unavyodhani.

Kuhusu baridi: kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kama kwenu ni nyuzi 30 mchana na mnakwenda mita 1,800 juu zaidi, tegemeeni 18 hivi, na usiku chini ya hapo sana. Nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine ni bora kuliko koti moja zito, na lazima pawe na la kuzuia mvua, kwani pamba ikilowa inakupoza badala ya kukukinga. Kofia pia. Jua la juu linaunguza kuliko la chini, mionzi yake inaongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, hata siku ambayo ngozi inasikia baridi.

Na kuna jambo moja nataka ulisome kwa sauti mbele ya wote. Usiku baridi ikizidi, mtu atapendekeza jiko la mkaa liingizwe chumbani. Lisiingie. Makaa yaliyokolea, mekundu, yasiyo na moshi hata kidogo, yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na mlango ukifungwa inaua familia nzima ikiwa usingizini. Kulifungulia dirisha kidogo si kinga. Ombeni mablanketi zaidi, au chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri miguuni. Kama mwenyeji hana mablanketi ya kutosha, mtafute mwingine kabla hujalipa.

Maji ya kijito, hata yawe meupe vipi, chemsheni. Dakika moja ya kutokota inatosha bondeni. Juu ya mita 2,000 acheni yatokote dakika tatu, kwani huko maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100.

Simu: pakua ramani ya eneo lote ukiwa bado nyumbani, kwa sababu alama ya mahali ulipo inatoka kwenye setilaiti na inafanya kazi hata pasipo mtandao, mradi ramani yenyewe imo ndani ya simu. Mkiwa kwenye matembezi iwekeni kwenye hali ya ndege. Simu inayotafuta mnara usiopatikana inamaliza chaji haraka, na baridi inaongeza. Mumeo abebe filimbi na tochi. Ishara ya wapanda milima ya kuomba msaada ni milio au mimuliko sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Akijibiwa mara tatu kwa dakika, amesikika.

Jumapili msijipangie kitu baada ya saa nne asubuhi. Kifungua kinywa, kutembea kidogo hapo hapo nyumbani, mizigo, mteremko wakati mwanga bado ni mzuri na kabla mvua ya mchana haijaanza. Mama mkwe wako atataka kusimama njiani kununua kila kinachouzwa, kwa hiyo mwachieni saa yake, iandikwe kabisa kwenye mpango.

Halafu mpango huo nitumieni Alhamisi: jina la nyumba, namba ya mwenyeji, barabara mtakayopita, njia ya mumeo na saa yake ya kugeuka. Unitajie na saa ya kufika kwenu Jumapili, ila iwe ya kweli, usinitajie ya kunifurahisha. Tuseme saa mbili usiku. Mkichelewa na mko salama, ujumbe wa neno moja unatosha. Saa nne usiku nikiwa sijasikia kitu nitampigia mwenyeji, asipojua mlipo nitapiga polisi, na mama yako ameshasema yeye hatasubiri hiyo saa nne.

Baba yako