Boksi la breka la plastiki, nilitoe?

SWALI: Habari za kazi, mimi niko London, nimenunua nyumba ya zamani kidogo na boksi la breka za umeme liko chini ya ngazi, la plastiki, sasa fundi ananiambia siku hizi linatakiwa la chuma. Kweli au anataka tu hela yangu?

JIBU: Hajakudanganya ndugu yangu, tangu Januari 2016 kanuni za umeme za Uingereza, BS 7671, zinataka boksi jipya la nyumbani liwe la kitu kisichoshika moto, mafundi wengi wanaweka chuma. La zamani hulazimiki kuling'oa kisa plastiki tu. Ila shida hasa ni skrubu iliyolegea, waya haujabana, pale joto linapanda kidogo kidogo mpaka plastiki inageuka kahawia na kunuka kama samaki halafu inawaka, na wewe lako liko chini ya ngazi, ndo njia yenu ya kutokea usiku hiyo! Leo leo toa makoti na makatoni yote hapo. Halafu ita fundi aliyesajiliwa alikague, akibadilisha dai cheti, na usikubali aache matundu wazi pale waya zinapoingilia.