Kusaga kahawa: anza na muda ambao maji yatakaa nayo

Ndugu uliyeuliza, umesema ulinunua nusu kilo ya kahawa iliyosagwa tayari, ukaitia kwenye presi, lile jagi lenye chujio la kubonyeza kwa mpini, ukapata kikombe kichungu chenye tope chini, lakini kahawa hiyo hiyo ulipoichemsha kwenye dele ikatoka vizuri. Kahawa yako haina ubaya. Imesagwa kwa kipimo cha dele, na presi inataka kipimo kingine kabisa.

Nimekulia Kibokoni, Mombasa, katika nyumba ambayo ami yangu aliuza kahawa kila jioni, dele la shaba mkono mmoja na vikombe vya kugonganisha mkono wa pili. Mchana aliikaanga mwenyewe, akaitwanga kwenye kinu, akaichekecha, na chenga zilizobaki juu ya chekeche akazirudisha kinuni mpaka zote zikawa laini. Aliichemsha pamoja na tangawizi juu ya makaa, kisha akaliepua dele na kuliacha litulie ili mashapo yashuke kabla hajamimina. Uchungu wake ndio uliotakiwa, kwa kuwa kando yake palikuwa na kashata au tende.

Miaka mingi baadaye nilipewa presi, nami nikaitilia kahawa laini niliyosagiwa dukani bila kuulizwa ninaipikia nini. Baada ya dakika nne nilianza kubonyeza, mpini ukagoma katikati. Nikauegemea kwa kiganja, na maji ya moto yakaruka pembeni ya chujio yakaniunguza kifundo cha mkono. Unga ulikuwa umeziba matundu yote ya wavu. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba jambo la kwanza kujiuliza ni muda ambao maji yatakaa na kahawa. Kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo maji yanavyoifikia sehemu kubwa zaidi yake na kuinyonya haraka, na uchachu kama wa ndimu hutangulia kutoka, utamu ukafuata, uchungu ukaja nyuma. Muda ukiwa mrefu, saga chenga. Ukiwa mfupi, saga laini.

Kwa presi, basi, punje ziwe kama chumvi ya mawe, uzihisi moja moja unapozisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Mimi hutia gramu 30 kwa nusu lita ya maji yaliyotoka kuchemka na kupumzika kidogo, nikasubiri dakika nne, na mpini hushuka kwa uzito wa mkono tu. Kahawa ya kulowekwa kwa maji baridi usiku kucha, kwa muda wa saa 12 au zaidi, nayo huhitaji chenga za namna hiyo.

Chujio la karatasi hutaka punje za wastani, zinazokaribia sukari ya kawaida. Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, alilibuni mwaka 1908 kwa sababu ya mashapo na uchungu huo huo unaokusumbua, na kwa asiyependa kitu chochote chini ya kikombe sijaona njia iliyo safi zaidi. Ukiona maji yamesimama juu ya karatasi hayashuki, umesaga laini mno. Birika la moka, lile dogo la vyumba viwili linalowekwa motoni, huhitaji laini kuliko hapo, lakini usiishindilie kahawa, kwani mvuke unaoyasukuma maji juu utakosa njia. Espreso ni laini zaidi tena, kwa kuwa maji hupita kwa nguvu nyingi ndani ya sekunde 25 hadi 30 tu, na bila mashine yake sioni sababu ya kuihangaikia.

Kuhusu kifaa, bleda ya visu hukata ovyo: katika kijiko kimoja utakuta vumbi na vipande vizima, na kikombe kitakuwa chachu na kichungu kwa pamoja, kasoro ambayo hakuna muda wa kupika utakaoirekebisha. Mashine ya meno, hata ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono, husaga kwa usawa, nami ningenunua hiyo kabla ya birika lolote la fahari. Tena kwa unyevu wetu wa pwani kahawa iliyosagwa huvuta maji na kupoteza harufu upesi, kwa hiyo nunua punje nzima, zihifadhi kwenye kopo linalobana, na usage ya siku hiyo tu.

Mfuko ulio nao sasa umalize kwenye dele. Ukishapata punje nzima, pika kikombe cha kwanza cha presi kwa vipimo nilivyokupa, ukionje bila sukari. Kikiwa chachu na chepesi, saga laini zaidi kwa hatua moja. Kikiwa kichungu kinachokausha ulimi, rudi kwenye chenga kwa hatua moja. Kiasi cha kahawa, maji na dakika usivibadilishe mpaka usagaji ukae sawa, kisha utie alama ya kalamu kwenye mashine mahali hapo.